Ukisafisha Programu, Andika Sababu

Vijana wanaotunza programu za kompyuta za miradi yetu hufuta mara kwa mara mistari isiyotumika tena. Hiyo ni kazi njema. Tatizo ni maelezo wanayoyaacha kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, mara nyingi ni neno moja tu: "Usafi."

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alizima mistari miwili ya OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano, kwa sababu chombo cha ukaguzi kililalamika. Kumbe mmoja wao ndio uliofanya funguo za siri zisitabirike. Kosa lilitangazwa Mei 2008, na funguo zote zilizotengenezwa kwa toleo hilo zikabidi kubadilishwa.

Kwa hiyo maelezo yajibu maswali matatu: Nimeondoa nini? Kwa nini hakihitajiki? Je, utendaji umebadilika? Mfano: "Nimefuta hesabu ya zamani ya ada. Hakuna sehemu inayoitumia. Ripoti hazibadiliki."

Tena, usafi usichanganywe na kazi mpya. Atakayekagua aweze kuona kama kilichotolewa ni takataka au ni nguzo ya nyumba.