Nuru Ndani ya Nyumba

Umeme wa mji wa Lubumbashi huletwa na nyaya kutoka mbali. Mtambo mmojawapo, ule wa Mwadingusha penye mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930. Lakini umeme ukifika nyumbani, kazi haijaisha. Nyumba mbili zaweza kuwa na taa zilizo sawa; katika moja watoto husoma vizuri, katika nyingine hukaza macho mpaka yaume. Sababu ni nini?

Kwanza ni umbali. Nuru ikitoka katika taa hutawanyika. Kitabu kilicho mita 1 mbele ya taa kikipelekwa mita 2, hakipati nusu ya nuru ile, bali robo tu; maana nuru imeenea mara 2 kwa upana na mara 2 kwa urefu. Basi, taa iwe karibu na meza.

Pili ni ukuta. Ukuta uliotiwa weusi na moshi humeza nuru. Ukuta uliopakwa chokaa huirudisha chumbani.

Tatu ni kivuli. Mtoto akiandika kwa mkono wa kuume, taa iwe upande wake wa kushoto. Akiandika kwa kushoto, iwe kuume. Hivyo mkono hautatia kivuli juu ya maandishi.

Nne, taa iwe na kifuniko, isichome macho.

Umeme ukikatika, mshumaa nao hufuata sheria hizo hizo. Tena uwekwe mbali na pazia, usilete moto. Anayejua kuiweka taa ndogo huona kuliko mwenye taa kubwa asiyejua.