Kivu: Tiba ya akili inaweza kutolewa kijijini, bila daktari bingwa

Kwa mkaaji wa kijiji cha Kivu Kusini ambaye hapati usingizi tangu vita ipite kwake, gharama ya kwanza ya matibabu ya akili ni usafiri. Hospitali ya Sosame iko Bukavu, kituo cha Tulizo Letu kiko Goma. Kutoka Fizi, pesa inaishia njiani, na tiba ya mazungumzo inadai kurudi mara nyingi. Wengi wanaanzia kwenye chumba cha maombi, au wananyamaza kwa kuogopa kuitwa vichaa.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa hapa mashariki mwa DRC. Mwaka 2013, jarida la udaktari New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya wanawake 405 waliobakwa au walioshuhudia ubakaji. Hawakupelekwa mjini. Walihudumiwa vijijini na wasaidizi wa kisaikolojia, wale wanaoitwa APS, ambao hawakuwa madaktari.

Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa tiba ya vikao 12. Kikao cha kwanza, mama alikaa peke yake na APS. Vilivyobaki vilikuwa vya kikundi kidogo, lakini kila mmoja alifanyia kazi wazo linalomsumbua yeye. Anayejiambia « kosa ni langu » alisaidiwa kulipima wazo hilo: kosa gani, na nani aliyeshika silaha? Wasiojua kusoma walifanya mazoezi kwa kukariri. Lugha zilikuwa Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kifuliiru na Kibembe.

Katika vijiji vingine 8, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida: mtu wa kuwasikiliza na kuwatia moyo. Nao walipata nafuu, ila tofauti ni kubwa. Miezi 6 baada ya matibabu, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye tiba ya vikao, na asilimia 42 kwenye msaada wa kawaida. Kusikiliza kwa huruma, jambo ambalo miradi mingi huku inajivunia, hakutoshi peke yake.

Tiba hiyo ni nafuu, lakini kuna anayelipa. APS wanahitaji mafunzo, mshahara na msimamizi wa kuwafuata mara kwa mara. Sehemu ya pesa ya utafiti ule ilitoka USAID, shirika la Marekani lililofungwa mwaka 2025. Ni mwaka huo huo M23 ilichukua Goma, kisha Bukavu, na benki za Goma zikafunga milango. Wanaohitaji msaada wameongezeka wakati pesa inapungua.

Familia inayotafuta msaada inaweza kuanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Iulize kama kuna APS aliyefundishwa tiba ya vikao, vikao ni vingapi, na kila kikao ni franka ngapi. Iulize pia kama kuna chumba chenye mlango unaofungwa, maana hakuna mama atakayesema yaliyompata huku jirani yake akingoja zamu kwenye benchi, hatua mbili kutoka pale. Mgonjwa anayesikia sauti au anayetaka kujiua asingoje vikao. Huyo apelekwe hospitali mara moja.