Uzi: Kodi ya soda, na maswali ambayo sisi wa Lafey tunafaa kuuliza

1/ Kila Mswada wa Fedha ukija, mjadala ni uleule: soda ipandishiwe kodi watu wapunguze sukari? Huku wanasema "afya", kule wanasema "mnamkandamiza mwananchi". Wadau, kabla hujachagua upande, angalia kodi yenyewe.

2/ Sukari kwanza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa ikishuka chini ya asilimia 5 ya nishati ya siku ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, hiyo ni kama vijiko 6 vya chai. Kola ya nusu lita ina zaidi ya 12. Ukiinywa kila siku, unajikaribishia kisukari.

3/ Sasa kodi. Sheria yetu ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka maji ya chupa na soda fungu moja: shilingi 5 kwa lita. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini ona hesabu ilivyoanza: maji na soda, bei moja. Sukari haikupimwa kabisa.

4/ Kuna njia nyingine. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, inatoza kila gramu ya sukari inayozidi 4 kwa mililita 100. Uingereza ilianza mwezi huohuo, kwa ngazi za sukari. Huko kampuni nyingi zilipunguza sukari zenyewe zisilipe kodi kubwa.

5/ Turudi Lafey. Somalia iko hapo tu, na sukari ya magendo hailipi ushuru wa Nairobi. Halafu sukari yetu nyingi haiko kwenye chupa, iko kwenye birika la shaah. Na kwenye miraa, soda lazima iwepo.

6/ Kuna maji pia. Ukame ukikaza tunangoja lori la maji. Sasa unamwambia mtu aache soda anywe nini?

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akija na kodi ya soda, muulize: unatoza lita au sukari? Maji ya chupa umeyatoa? Pesa zitachimba visima vingapi huku?

8/ Wakati tunangoja jibu: toa kijiko kimoja kwenye chai yako wiki hii, kingine wiki ijayo. Ulimi huzoea. Hiyo haihitaji Bunge.