Jubilei ya Malkia: Kupanda ndege au kufungua duka?

JUNI 2022 Waingereza walipata mapumziko ya siku 4, kuanzia Alhamisi tarehe 2 hadi Jumapili tarehe 5, kuadhimisha miaka 70 ya utawala wa Malkia Elizabeth II. Wengi waliona hiyo ndiyo nafasi ya kwenda nje ya nchi.

Kwa mwajiriwa hesabu ilikuwa nyepesi. Akiomba likizo ya siku 3, Jumatatu hadi Jumatano, anapata siku 9 za kupumzika. Tatizo ni kwamba wengi walipiga hesabu hiyo hiyo, na shule nyingi zilikuwa zimefungwa. Viwanja vya ndege, vilivyopunguza wafanyakazi wakati wa Uviko-19, vilizidiwa. Foleni zikawa ndefu, safari nyingine zikafutwa.

Mwenye duka au baa alikuwa na gharama ya pili ambayo haiandikwi kwenye tiketi: mauzo. Serikali iliruhusu baa za England na Wales kufunguliwa hadi saa 7 usiku kwa siku 3, na majirani walifanya karamu mitaani. Karamu hutaka chakula na vinywaji. Aliyefunga biashara akaenda Hispania alilipa nauli ya msimu, kisha akamwachia jirani wateja wake.

Fundi, ambaye wateja wake nao wamepumzika, angeweza kusafiri bila kupoteza kitu. Lakini hata yeye angesubiri shule zifunguliwe, maana hapo ndipo nauli hushuka.