Reli iliyoishia ziwani

Bandugu, wengi wetu tuliozaliwa Goma hatujawahi kusikia treni ikilia. Mimi ni mtoto wa Mugunga, nimekulia juu ya mawe ya volkano, ninaijua chukudu kuliko injini. Mama anauza unga sokoni. Barabara ikikatika, bei inapanda siku ileile. Siku zote nilisema sababu ni vita tu.

Halafu nikafika Kigoma, Tanzania. Mzee mmoja mstaafu wa reli akanikubalia tupande pamoja treni ya kwenda Tabora. Kabla ya kupanda alinionyesha stesheni. "Hii walijenga Wajerumani," akasema. Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200.

Akanionyesha na ziwa. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku hadi Kigoma. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Kumbe huyo Götzen ndiye Mzungu aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894! Mlima wetu huuhuu uliotumwagia lava 2002 na 2021.

Tulipokaribia Uvinza, kwenye chumvi, nikamuuliza: "Mzee, kwa nini reli haikufika kwetu?"

Akacheka. "Kijana, reli inaenda anakotaka mwenye pesa."

Na ni kweli. Upande wetu, Wabelgiji walimaliza reli ya Kabalo hadi Kalemie mwaka 1915, ili Katanga na Maniema zipate njia ya kutokea baharini. Mwaka 1921 Waingereza wakawapa sehemu zao maalum kwenye bandari za Kigoma na Dar es Salaam, mizigo ya Kongo ipite bila ushuru. Njia ilikuwa hivi: treni, meli, treni tena, kisha bahari. Ilijengwa kutoa mali, haikujengwa kuunganisha miji.

Kivu ilipata kipande kidogo tu, kutoka Uvira hadi Kamaniola, chini ya milima. Kwenda Bukavu mzigo ulipakiwa tena kwenye magari. Kabla ya uhuru reli hiyo ilikuwa imeshafungwa. Goma haikufikiwa kabisa.

Sasa fikiria mfuko mmoja wa unga. Kila unapobadilisha chombo, kuna wabebaji wa kulipa, depo ya kulipa, kodi, na siku zinazopotea. Mwisho wa safari, anayelipa yote ni mnunuzi wa Mugunga.

Vita vinapandisha bei, sikatai. Lakini hata siku ya amani, mji wenye njia moja au mbili tu unabaki mateka wa njia hizo. Mama nilipomweleza, alisema tu: "Njo maana."

Wenye kusoma uchumi na uhandisi, tuanzie hapo. Wewe ungechora reli ya kwetu ipite wapi?