Mjumbe na Mpweke: Neno "Ubinafsi" na Hadithi za Falsafa za Kiswahili

Wenye kueleza fasihi ya kigeni kwa Kiswahili hukutana mara kwa mara na dhiki moja. Katika hadithi zinazosimulia nchi za kubuni ambamo watu wote hutakiwa kuwaza namna moja, aghalabu yupo mtu mmoja anayekataa. Lugha za Ulaya zina jina la fikira inayomtetea mtu huyo, yaani fikira kwamba kila nafsi ina haki ya kujiamulia lililo jema. Nalo ni jina linaloweza kutumiwa pasipo kusifu wala kulaumu. Mfasiri wetu hulitafutia neno, na lililo karibu na mkono wake ni ubinafsi. Nia ya makala hii ni kuonyesha kuwa neno hilo humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na kwamba hadithi zetu wenyewe zimetuachia mizani iliyo bora zaidi.

Neno binafsi, lenye asili ya Kiarabu, halina ubaya wowote. Mtu akisema amekwenda binafsi kumwona mgonjwa, hakuna amlaumuye. Lakini likitiwa kiambishi u- na kuwa jina la tabia, hugeuka lawama. Mtu wa Zegereni, au wa kijiji chochote cha Kibaha na Kisarawe, akisikia jirani yake ameitwa mbinafsi hataulizia maana: atafahamu kuwa jirani huyo hujifikiria mwenyewe tu, wala hagawi alicho nacho. Siasa nayo ilizidisha uzito wa neno hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ubinafsi ulihesabiwa kuwa adui wa ujamaa. Na katika miaka ya 1990 lilipoenea neno ubinafsishaji, kwa maana ya kuyatia mashirika ya umma katika mikono ya watu binafsi, wengi walilisikia kwa masikio yale yale.

Hata hivyo, yatupasa kuangalia upande wa pili pia. Kwa yule afanyaye kama wafanyavyo wenzake bila kufikiri, Kiswahili hakina neno la heshima. Twasema amefuata mkumbo, au kwamba ni bendera, hufuata upepo. Kwa hiyo lugha yetu humlaumu ajitengaye, na humlaumu pia afuataye kila upepo. Baina ya lawama hizi mbili ipo nafasi nyembamba, na katika nafasi hiyo ndimo waandishi wetu wa hadithi za falsafa walimojenga.

Wa kwanza wa kutajwa ni Shaaban Robert, na kitabu chake ni Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya uanasheria. Yeye hakimbii wala hakani. Aomba kusikilizwa, na kwa muda wa siku sita asimulia mbele ya mfalme na baraza habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja wao alitumwa nje ya nchi, akarudi na habari za mambo mema aliyoyaona, na malipo yake yakawa kifungo.

Tuliangalie vyema neno mjumbe. Mjumbe si mtu aliyejitenga na watu wake, bali ni mtu aliyetumwa nao. Aliyoyaona ameyaona kwa macho yake peke yake, na kwa hiyo anajua jambo wasilolijua wenzake. Lakini safari haikuwa yake peke yake, na ndiyo sababu harudi ili kujisifu, bali ili kutoa ujumbe. Tofauti yake na wenzake ni amana aliyowachukulia. Kumfunga mtu wa namna hiyo ni sawa na nchi kujitoboa macho yake yenyewe. Karama naye ni mjumbe wa saba, ingawa hakusafiri. Na hadithi yaisha kwa mfalme kumwachia huru, na wale sita kufunguliwa.

Tukitaka kuupima upekee wa jambo hili, tulilinganishe na kitabu cha Mwingereza George Orwell kinachoitwa 1984, kilichotoka mwaka 1949, yaani miaka miwili tu kabla ya Kusadikika. Humo naye yumo mtu mmoja, Winston Smith, anayekataa kuwaza kama atakavyo mtawala. Uasi wake waanza kwa kuandika daftari la siri kwenye pembe ya chumba asipoweza kuonekana. Winston hutafuta mahali ambapo hapana amwonaye. Karama hutafuta mahali ambapo wote wamsikia. Kwa Winston, kusikika ni kupotea. Kwa Karama, kusikika ndiko kuokoka. Orwell hakuwa mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili, maana Fortunatus Kawegere alikifasiri kitabu chake kingine kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967, ule ule wa Azimio.

Kuna atakayesema kuwa mwisho wa Kusadikika ni mwepesi mno, kwa kuwa wategemea mfalme aliyekubali kusikia. Hoja hiyo ina nguvu, na mwandishi aliyeichukua hadi mwisho wake ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Katika Kichwamaji, kitabu cha mwaka 1974, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu aliyerudi kwao na elimu ambayo haimuunganishi na mtu yeyote. Kwa nje amefanana na wajumbe wa Shaaban Robert: alitoka, akaona, akarudi. Lakini hapana baraza linalomngojea, wala yeye hana ujumbe anaouamini. Mwisho wake ni kujiua. Mwaka uliofuata, katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini aliyejipatia mali amwua mkuu wa wilaya wakati siasa ya Ujamaa ilipoifikia mali hiyo, naye ahukumiwa kifo. Na katika Gamba la Nyoka la mwaka 1979, wanakijiji wakataa kuhamishiwa katika kijiji cha Ujamaa. Jambo hilo wasomaji wa wakati ule walilijua vyema, kwa kuwa kuanzia mwaka 1973 kuhamia vijijini kulifanywa lazima.

Hapo neno ubinafsi laonyesha upungufu wake. Tumaini twaweza kumwita mbinafsi kwa haki, maana alipenda mali kuliko watu, na mwandishi hakumpamba. Kazimoto hatuwezi kumwita hivyo, kwa sababu hana anachokinyima mtu. Yeye ni mpweke. Karama tukimwita hivyo tutakuwa tumeshirikiana na Waziri Majivuno katika mashitaka yake. Na wanakijiji waliokataa kuhama pamoja, hao ni wengi: neno la mtu mmoja litawaeneaje?

Kwa maoni yangu, hadithi hizi hazishindanishi mtu na watu, bali mtu na baraza. Baraza linaposikiliza, mwenye fikira tofauti ni mjumbe. Likimfunga, bado ni mjumbe, ila wa gerezani. Likifa, na mahali pake pakasimama mkutano wa kuwatangazia watu neno lililokwisha kukatwa, basi anayewaza tofauti hana njia ila upweke au bunduki. Miaka isiyozidi thelathini yatenga siku sita za Karama na vitabu hivi vya Kezilahabi, na katika muda huo lililobadilika zaidi si moyo wa mtu mmoja, bali sikio la wengi.

Katama Mkangi wa Kenya alilisema jambo hili kwa neno moja. Katika Walenisi, riwaya ya mwaka 1995, Dzombo ahukumiwa kifo katika nchi yake na kutiwa katika chombo cha angani, kisha afika katika nchi iliyo bora. Jina la nchi hiyo likikatwa vipande husomeka wale ni sisi. Mwandishi hakusema kwamba mimi nimekuwa sisi, kana kwamba nafsi imemezwa. Amesema kwamba wale, tuliodhani wametutenga, ni sisi.

Basi wafasiri na walimu wa fasihi wafanyeje? Neno ubinafsi na libaki kwa maana yake ya choyo, kwa kuwa umma umekwisha kuliamua hivyo. Upweke na uwe wa Kazimoto. Kwa hali ya mtu kutofanana na mwingine lipo neno upekee, na kwa haki yake ya kuwaza na kujiamulia, uhuru wa nafsi watosha, ingawa ni maneno mawili. Kwa kinyume chake, mkumbo ni neno hai ambalo kila mtu hulifahamu, nalo lafaa kuingia katika maandishi ya wataalamu bila haya. Mwanafunzi atakayefundishwa kwamba Karama alikuwa mbinafsi atafunga kitabu akidhani Majivuno alikuwa na haki.