Hodi Kabla ya Mfungwa Kurudi

Nikishuka bodaboda na faili kwapani, wanakijiji hudhani nimekuja kukamata mtu. Mimi ni afisa wa probesheni hapa pwani ya Kenya, na silaha yangu ni maswali.

Mahakama ikitaka kumpa mtu kifungo cha nje, ambacho huwa cha miezi 6 hadi miaka 3, huniagiza ripoti: anaishi na nani, anakula wapi, aliyekosewa anasemaje. Hiyo ndiyo kazi nyepesi.

Nzito ilianza Desemba 2017. Katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Waliohukumiwa zamani wakarudi kuomba adhabu mpya, na majaji wakataka ripoti zetu.

Mfungwa wa gereza la Shimo la Tewa aweza kukuambia, “Bwana afisa, kwetu wananisubiri.” Ukifika huko, wazazi wamefariki, shamba limegawanywa, na fungu lake kakaye amelipanda mikorosho. Ukweli ni kwamba nduguze humwogopa kuliko majirani wanavyomwogopa: atadai ardhi.

Basi nakaa na chifu, wazee na imamu. Familia ya marehemu naiendea peke yangu, bila haraka, na soda yao nainywa. Wakikataa katakata, sibishani. Natafuta shangazi au mjomba wa mfungwa katika mji mwingine, nayaandika yote, na akiachiliwa chini ya uangalizi, faili namkabidhi mwenzangu wa huko.